Uzito wa Kwanza

Huruma, Eldoret
Jumapili, 1 Desemba 2024

Kwa dada yangu mpendwa Waithira,

Nakusalimu sana, wewe na wote walio katika boma. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti limeanza kukuacha ulale. Natumaini pia baridi ya Kinangop haijachoma viazi, na yule ng'ombe mwekundu uliyesema anakataa kukamuliwa na mtu mwingine amepata adabu. Mimi ni mzima, ila mgongo. Mgongo unaujua, hauna habari mpya.

Najua umeshangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati kila mtu ana simu. Naandika kwa sababu tangu binti yako Tabby arudi nyumbani umenipigia mara tatu, mara zote tatu ukaniuliza aliharibu nini huku, na mara zote tatu nikakujibu uongo. Kwa simu uongo ni rahisi, mtu anasema mtandao unasumbua na mambo yanaisha. Kalamu hainipi nafasi hiyo. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hivyo uvumilie mwandiko, na uvumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika. Nitafika.

Nianze na kazi ili uelewe. Draya ya Mama Chebet iko nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Burnt Forest. Ndiyo, barabara ile ile. Wakati wa mavuno wakulima wanaleta mahindi mabichi kwa trela, sisi tunayakausha na kuyatia kwenye magunia. Mwaka huu mvua ilikataa kuondoka. Kila siku saa nane ilikuwa inashuka, na mahindi mabichi yakikaa siku tatu chini ya turubai yanapata moto, yananuka kama pombe, mwishowe yanaota. Kwa hivyo kila mtu aliye kwenye foleni ana hasira hata kabla hujamsalimu.

Trela ikifika inapanda kwenye mizani ikiwa imejaa. Huo tunauita uzito wa kwanza. Inamwaga mahindi shimoni, inarudi kwenye mizani ikiwa tupu, na huo ndio uzito wa pili. Kompyuta inapiga hesabu, inakata kilo za unyevu, inachapisha karatasi. Karatasi hiyo ndiyo mkulima anaamini. Zamani ilikuwa kalamu na daftari, na wakulima walianza kupeleka mahindi kwingine wakisema kalamu inapinda. Mama Chebet alinunua kompyuta ili warudi, na walirudi. Kumbuka jambo hilo, litatufaa mbele.

Tabby nilimpeleka pale mimi mwenyewe mwezi wa nne, alipomaliza chuo. Nilimwomba Mama Chebet kama mtu anayeomba maji. Printa ilikuwa imekufa wiki mbili, na Tabby aliifufua kabla chai haijapoa. Akapewa kiti katika chumba cha mizani pamoja na Jemutai, mama anayepima, na akapewa koti la buluu. Sisi makuli tukapata heshima kupitia kwake. Obonyo, mwenzangu wa magunia, akaanza kuniita Anko wa Kompyuta, na akaniletea redio yake mbovu niitengeneze kana kwamba ufundi unatembea kwenye damu.

Mwisho wa Oktoba watu waliouza ile programu ya mizani walileta toleo jipya, nalo likakataa kuingia kwenye mashine yetu. Tabby alinieleza tukiwa tunakula githeri. Alisema ndani ya kompyuta kuna ubao mkuu, wenyewe wanauita mazabodi, na ubao huo una programu yake ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, kama askari anayefungua geti kabla wafanyakazi hawajafika. Ile yetu ilikuwa imezeeka. Ilibidi iwekwe mpya. Alisema kazi yenyewe ni ya dakika kumi, lakini stima ikipotea katikati ya hizo dakika kumi, ubao unakufa na hauamki tena.

Hayo yote alimwambia Mama Chebet kabla hajagusa chochote. Akachagua Jumapili baada ya ibada, hakuna trela, hakuna kelele. Akaazima betri kubwa ya kushikilia stima. Nilikuwepo, Dada. Alikaa ameweka mikono juu ya magoti kama mtu aliye mbele ya mchungaji. Mashine ilizima, ikawaka, ikazima tena, ikawaka. Akaingiza lile toleo jipya, kisha akapima lori tupu mara nne, na mara zote nne likatoa uzito ule ule. Akaniambia twende tukanywe chai. Uso wake siku hiyo ulikuwa uso wako, wa wakati ule ulipochaguliwa kiongozi wa kwaya.

Jumatatu saa nne asubuhi, trela ya tatu ikiwa kwenye mizani, kioo kikageuka buluu na maandishi meupe, kisha kikawa cheusi. Jemutai aliiwasha. Ikaenda nusu saa, ikaanguka tena. Kufika jioni ilikuwa imeanguka mara saba, na foleni imefika barabarani.

Kila mtu alijua sababu. Mama Chebet alisema kitu kisichoumwa hakipelekwi hospitali. Alisema jana kiliguswa, leo kimekufa, na hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaijumlisha. Tabby hakubishana. Alisema labda ile programu mpya ya ubao imerudisha mipangilio ya kiwandani, akaingia humo, akarekebisha kimoja kimoja huku akisoma kwenye simu yake. Mashine ikakaa saa moja na nusu. Tukaanza kupumua. Ikaanguka.

Jumanne akarudisha programu ya zamani, ile ya kabla ya Jumapili. Hiyo ilikuwa kazi ya hatari kama ile ya kwanza, maana stima ilikuwa inacheza kwa sababu ya mvua. Alifaulu. Mashine ikaanguka vile vile. Hapo ndipo nilimsikia akimwambia Jemutai kwamba ikiwa ya zamani nayo inaanguka, basi mwenye makosa si mpya, na kwamba lazima kuna kitu kingine kilichobadilika kati ya Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi. Akauliza kama kuna mtu aliyegusa mashine. Jemutai akasema yeye alifika saa mbili, akaiwasha, akapima, basi. Mimi nilikuwa mlangoni nikipangusa matope kwenye viatu. Niliendelea kupangusa.

Akabadilisha nyaya. Akaazima kifaa cha kuingiza stima kutoka duka moja mjini, akakifunga, haikusaidia. Akaweka kipimo cha kuchunguza kumbukumbu ya mashine, akasema kinataka saa nne bila mtu kugusa. Baada ya saa moja Mama Chebet akaja, akaona watu wanangoja mvuani huku kioo kinahesabu namba zisizomhusu mtu, akamwambia azime huo mchezo. Tabby akasema kipimo hakijafika mwisho. Mama Chebet akamwambia hata subira yake haijafika mwisho, lakini imekaribia. Kikazimwa.

Jumatano ndiyo siku iliyonitoa jasho. Kuna mkulima anaitwa Mzee Kiplimo, wa upande wa Burnt Forest. Mtu wa maneno machache, anatembea na fimbo, trela yake nyekundu huwa ya kwanza getini. Trela yake ilipimwa ikiwa imejaa, ikamwaga mahindi shimoni, na wakati inarudi kwenye mizani mashine ikaanguka. Ilipoamka, uzito wa kwanza haukuwepo. Na mahindi yalikuwa yameshachanganyika na ya watu wengine, huwezi kuyaita yarudi.

Jemutai alikuwa ameuandika kwa kalamu, maana tangu Jumatatu alikuwa anaandika kila kitu. Akamwonyesha. Mzee Kiplimo akaangalia daftari muda mrefu, akauliza kama ile kompyuta haikununuliwa kwa sababu ya hiyo kalamu. Watu wa foleni wakasogea. Mmoja akasema yeye naye Jumanne karatasi yake ilikuwa nyepesi. Mwingine akasema mashine haianguki yenyewe, inaangushwa, na ikianguka kuna anayeokota. Jemutai akawajibu kwa Kikalenjin, wakamjibu kwa sauti ya juu kuliko yake.

Kisha Mzee Kiplimo akamgeukia Tabby, akauliza kama yeye ndiye anayeifungua hiyo mashine. Tabby akasema ndiye. Akamuuliza jina. Tabby akasema jina lake lote, na la baba yake, kama ulivyomfundisha. Kila mtu pale akasikia kwamba ni majina ya Kikuyu. Mzee Kiplimo akasema sasa ameelewa.

Dada, mimi nilikuwa juu ya magunia, hatua kumi kutoka hapo, na miguu yangu ilikuwa ile ya Januari ile ya vurugu za uchaguzi, tulipofukuzwa Burnt Forest tukatoka na godoro moja. Nilihesabu ni wanaume wangapi wamesimama, na geti liko upande gani. Sikutaka kuhesabu, ilikuja yenyewe. Hakuna aliyeinua mkono. Jemutai alitoka nje akasimama mbele ya Tabby, akawaambia kama wanatafuta mwizi wa kilo waanze na yeye, maana kalamu ni yake na ukoo wake wanaujua. Obonyo akashuka, akaanza kuvuta turubai katikati ya watu akilalamika kwa sauti kubwa kwamba mvua inakuja na wao wanafanya mkutano wa chifu. Baadhi wakacheka. Mama Chebet akamwahidi Mzee Kiplimo kwamba atampimia kwa hesabu ya magunia aliyohesabu nyumbani kwake, na hasara iwe ya draya. Mzee akapanda trekta bila kuaga.

Alhamisi tulifunga geti nusu siku. Ijumaa asubuhi Tabby aliivua mashine yote. Aliitandaza kwenye meza juu ya gazeti, akaagiza mtu yeyote asiingie. Mimi niliitwa nisogeze kabati, ndiyo maana nilikuwa ndani. Akachomoa vile vibao vya kumbukumbu, viwili, kila kimoja kirefu kama kitana. Cha pili kilitoka bila kuvutwa, hakikuwa kimekaa. Akakileta dirishani. Kwenye yale meno yake ya dhahabu kulikuwa na madoa ya kijani, kama kwenye sufuria ya shaba. Akamulika tundu lake kwa simu, akachukua sindano, akatoa kitu kidogo, akakiweka kiganjani.

Kilikuwa kipande cha kapi la mahindi, ile ngozi nyekundu nyembamba inayopeperuka.

Alikiangalia. Kisha akaniangalia mimi. Halafu akakipuliza, akaomba kifutio cha penseli kwa Jemutai, akasugua yale meno mpaka yakang'aa, akapangusa tundu kwa spiriti, akarudisha vibao mpaka vikalia tak. Mashine haijaanguka tangu siku hiyo. Leo ni wiki ya nne.

Mama Chebet alipokuja akakuta trela zinapimwa, akauliza shida ilikuwa nini. Alitaka jibu ambalo angewapa wakulima. Tabby akasema shida ilikuwa ile kazi ya Jumapili, kwamba aliharakisha, akaacha jambo moja bila kulikagua. Akasema hivyo akiwa amesimama wima, mikono nyuma. Mama Chebet akamwambia arudishe koti. Akamwambia asitegemee barua ya kusema kwamba amewahi kufanya kazi pale, kwa sababu hataandika uongo wala hatataka kuandika ukweli.

Mpaka hapo, Dada, ni yale uliyoyasikia, isipokuwa hilo kapi. Kuna asubuhi moja nimeiruka. Nirudi Jumatatu.

Kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla watu hawajafika, ni kupuliza chekecheo za draya kwa mpira wa kompresa. Makapi ya jana yanaziba matundu. Kompresa ina tangi, na tangi likikaa usiku linakusanya maji chini. Kuna koki hapo chini ya tangi, na mtu anayejua kazi anaifungua kwanza, maji yanatoka, ndipo anawasha. Kwa chekecheo sijisumbui. Maji kidogo hayadhuru chuma. Miaka sita sijisumbui.

Jumatatu ile nilimaliza mapema. Nilipita dirisha la chumba cha mizani nikaiona ile mashine, haina mfuniko wa ubavuni, tuliutoa zamani kwa sababu ya joto. Ndani ilikuwa imejaa vumbi la mahindi kama pua ya kuli. Nikafikiri Mama Chebet atakuja saa tatu kuangalia kazi ya Tabby, ataona uchafu huo, atadhani mtoto wetu ni mchafu. Ufunguo wa chumba unakaa juu ya mlango, sote tunajua. Nikaingiza mpira, nikaipuliza. Nusu dakika tu. Vumbi lilitoka kama moshi, na mimi nikafurahi. Kisha nikaona matone kwenye ubao. Mpira ulitema maji.

Nikayapangusa kwa mkono wa overoli, overoli yenyewe imejaa makapi. Nilisukuma hapa na pale nikifuata matone. Kuna mahali palisogea kidogo chini ya kidole changu, nikadhani ndivyo palivyo. Nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo. Saa mbili Jemutai akawasha, ikawaka, nikamshukuru Mungu. Saa nne ikaanguka.

Nilijua tangu kioo kilipogeuka buluu mara ya kwanza. Nilijua Jumanne aliposema kuna kitu kilichobadilika. Nilipokuwa juu ya magunia Jumatano na Mzee Kiplimo anamuuliza jina, nilijua. Siku hiyo nilinyamaza kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu, wewe unaijua kuliko mtu yeyote. Lakini Ijumaa hapakuwa na umati. Palikuwa na wanawake watatu na mimi, na kabati. Tabby alipokuwa anasema ni yeye, alikuwa amenipa mgongo, kana kwamba ananipa nafasi. Nikashika kabati.

Jumamosi nilimsindikiza stendi na sanduku lake. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini alinitangulia, maana lile kapi na yale madoa ya kijani vilikuwa vimeshamwambia ni mpira wangu wa kompresa. Alisema yeye ana cheti na miaka ishirini na tatu, na mimi nina hamsini na mbili na mgongo. Nikifukuzwa pale, alisema, hakuna draya itakayoniandika tena, na Githinji wangu bado yuko kidato cha tatu. Akasema pia kwamba kama watu wangesikia ni kuli aliyeingia kwa ufunguo alfajiri, wasingeamini kuwa niliingia kupuliza vumbi. Akaniomba nisikwambie, kwa sababu ungepanda gari siku hiyo hiyo. Kisha akatabasamu, akasema siku nyingine Anko afungue koki kwanza. Nikamnunulia maji na mandazi. Hivyo ndivyo nilivyomlipa.

Ungeniuliza kwa nini sasa. Ni ile simu yako ya tatu. Uliniambia ameitwa Nakuru kwa kazi ya kutunza kompyuta za ushirika, wanamtaka, lakini wanadai barua kutoka kwa mwajiri wa kwanza. Ukaniambia labda ni heri aikose, akae alime viazi, kwa sababu mtu asiyeweza kutunza kitu cha watu asipewe kingine. Ukasema umemwambia hivyo usoni. Nilikuwa nimeketi kitandani. Nilikaa hapo na simu mkononi mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa.

Ijumaa hii iliyopita nilivua kofia nikaenda ofisini kwa Mama Chebet. Nilimweleza yote, koki, mpira, overoli, ufunguo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alizungusha kalamu, kisha akaniuliza yule msichana alitukaniwa wapi. Nikasema pale nje, kwenye mizani. Akasema basi na haya yasemwe pale nje, kwenye mizani.

Akanitoa mbele ya foleni. Trela nyekundu ilikuwa ya kwanza, kama kawaida. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi, hata kanisani nasimama nyuma. Nilisema ni mimi niliyeharibu mashine kwa maji ya kompresa, si yule msichana, na kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza. Nikasema jina langu lote, na la baba yetu. Obonyo aliangalia pembeni. Jemutai alitoka mlangoni kwake, mkono mdomoni.

Mzee Kiplimo aliniuliza, maji? Nikasema maji. Akasema kumbe hata mashine ya Mama Chebet inaumwa na unyevu, na yeye ni miaka mitano anakatwa kilo kwa unyevu na hakuna siku mashine imekatwa. Watu walicheka, Dada, walicheka kweli, hata Mama Chebet alificha uso. Mimi sikuweza kucheka. Walipotulia mzee akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini yule msichana yuko wapi siku hizi. Nikamwambia amerudi Kinangop. Alichimba ardhi kidogo kwa fimbo yake. Akasema huko ni baridi. Kisha akapandisha trela kwenye mizani, akangoja karatasi yake.

Kuhusu kazi, Mama Chebet amesema nitamaliza msimu kwenye magunia, Januari tutaona. Mpira wa kompresa amepewa Obonyo. Kila asubuhi nampigia kelele kutoka juu ya magunia afungue koki kwanza, naye ananiuliza ni lini nilisomea udaktari wa matangi. Githinji nimeshamwambia kwamba huenda muhula ujao ukawa mgumu. Alisikiliza, akauliza tu kama dada yake Tabby ameshaambiwa.

Sasa nisikilize. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ndogo, imefungwa. Hiyo si yako, usiifungue. Ni barua ya Mama Chebet, ina muhuri, na ameandika mwenyewe siku ile ile. Nakuru wanamngoja mpaka tarehe kumi. Mpe mkononi, na kabla hujampa, mwambie umekosea. Mimi maneno hayo nitamwambia kwa mdomo wangu akipita Eldoret au nikipata nauli ya kuja, lakini ya kwako ni yako, na yalisemwa nyumbani kwako. Ukitaka kunikasirikia baada ya hapo, nikasirikie. Nitajua umesoma ukinipigia. Usiponipigia, nitajua pia.

Nisalimie shemeji, mwambie lile panga lake bado ninalo. Nisalimie Mungai, na akina mama wa Jumatano, hasa yule anayeniombea mgongo, mwambie asichoke. Wa huku wanakusalimu, na Jemutai ambaye hujawahi kumwona anasema mtoto wako ni mtoto wake pia. Mvua imepungua kidogo tangu jana. Usiku mwema, Mama Tabby, au asubuhi njema, sijui utasoma saa ngapi.

Mimi ndugu yako uliyembeba mgongoni,

Gikonyo